Dozi Uliyoimaliza

Mama Neema, mke wangu mpendwa,

Naomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Mtu aliyelelewa na shule ya misheni hapaswi kukaa mwaka na miezi bila kushika kalamu, nawe ulizoea kunicheka kwamba mimi hujibu hata barua ya kampuni ya umeme na kuimalizia kwa salamu za heri. Barua hii nimeianza mara nne. Mara tatu za kwanza nilijaza ukurasa mzima kwa habari za hali ya hewa, nikaichana.

Kwa hiyo nitakupa habari ndogo kwanza, kama ilivyo adabu, kisha nitafika kwenye jambo lenyewe. Tafadhali univumilie. Ungekuwapo ungesema, "Mwalimu, fika."

Bado ninakaa huku ughaibuni, Spånga, katika nyumba ileile. Lile sufuria lako kubwa nimewapa akina mama wa ushirika wa kanisani, kwa kuwa mtu mmoja akipikia ndani yake huonekana kama anafanya maigizo. Asubuhi napika uji wa oti. Mwanzoni niliuunguza, na jirani wa upande wa kulia alibisha mlango kuuliza kama kuna moto. Niliomba radhi hata akaona haya yeye. Sasa naupika vizuri. Ninakula maharage, ninakula vibua, siweki samli juu ya ndizi, na kila siku ninatembea saa nzima kwenye ile njia ya nyuma ya kanisa la mawe, nikiwa na zile fimbo mbili za matembezi, mithili ya za kutelezea thelujini, ambazo wewe ulisema zinamfanya mtu mzima aonekane amepoteza theluji yake. Jioni ninakunywa kidonge kimoja cheupe.

Ndiyo, mke wangu. Kidonge kilekile.

Jambo lenyewe linaanzia hapo. Nitalieleza kwa mpangilio, kwa kuwa nikiliacha lijieleze lenyewe litanikimbia tena.

Utakumbuka siku walipokupima damu na kukuita kituo cha afya. Kabla ya siku hiyo, mhudumu mmoja alipiga simu akauliza kama mgonjwa angehitaji mkalimani. Mimi ndiye niliyepokea. Nilijibu kwa Kiswidi changu cha misheni, kile ulichosema kimevaa tai, kwamba nashukuru sana, haitakuwa lazima, kwa kuwa mume wake anaijua lugha. Sikukuuliza wewe. Sikuona kwamba kulikuwa na swali. Miaka ya nyuma ulipotaka kwenda masomo ya jioni pamoja na wale kina mama wa Burundi, nilikuambia, "Una haja gani ya kujisumbua, mimi nipo." Ukabaki na Kiswidi cha dukani na cha jikoni, na mengine yote yakapita kinywani mwangu. Hata wewe na Neema, yeye akisema Kiswidi na wewe Kiswahili, mlielewana vizuri juu ya chumvi na viatu. Lakini neno likiwa zito mlinigeukia mimi. Ninakiri kwamba nilipenda kugeukiwa.

Daktari yule kijana alizungumza haraka. Alisema lehemu yako, yaani yale mafuta ya kwenye damu, iko juu mno. Akauliza habari za ukoo, nami nikamweleza kwamba baba yako na kaka yako mkubwa walichukuliwa na moyo kabla ya uzee. Akasema katika hali hiyo chakula na mazoezi vitasaidia, ila havitatosha peke yavyo. Tuanze na kidonge hiki kila jioni, akasema, na baada ya miezi mitatu tupime tena tuone kinavyofanya kazi.

Nami nikakugeukia nikasema: "Daktari anakupa dozi ya miezi mitatu. Kidonge kimoja kila jioni. Ukiimaliza wanakupima."

Ukiimaliza. Neno hilo daktari hakulisema. Nililitoa kwetu. Nililitoa kwenye dirisha la zahanati ya misheni, ambako muuguzi alimpa mtu vidonge vyake katika karatasi iliyokunjwa na kumwambia, "Maliza dozi," na mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu wa darasa la nne niliwaimbisha watoto maneno hayo kila msimu wa malaria. Kwetu sisi dawa ilikuwa kitu chenye mwanzo na mwisho, kama muhula wa shule. Mtu mwema alimaliza dozi. Mtu mzembe aliiacha katikati. Haikunijia akilini kwamba ipo dawa ya mtu mzima anayetembea na kucheka, isiyokuwa na siku ya kufunga.

Nawe ulikuwa mtu mwema. Hukuruka hata jioni moja. Miezi ile mitatu ulifanya kila ulichoambiwa, na ulikifanya kwa kunisimanga mimi, jambo ambalo lilikuwa haki yako. Ulikula uji wa oti ukisema, "Hiki ni chakula cha farasi, Mwalimu. Siku nikianza kupiga kwato usishangae." Ulipanda ngazi hadi ghorofa ya nne ukikataa lifti, na ulipofika juu ulinipigia simu mimi niliye chini kuniambia kwamba umefika Kilimanjaro na bendera umeisahau. Ile samli ya Bukoba uliifungia kabatini ukanipa ufunguo, kisha ukaniomba nisikupe hata ukilia. Hukulia. Miguu ilikuuma juma la pili, nikakisoma kile kikaratasi cha ndani ya kisanduku, ukurasa wa maudhi peke yake, nikafurahi kuona maumivu hayo yamo. Laiti ningegeuza ukurasa. Nimekigeuza mwaka huu. Imeandikwa pale, kwa Kiswidi chepesi ambacho mtoto angekielewa, kwamba mgonjwa asiache bila kuzungumza na daktari.

Kisanduku kilikwisha siku nne kabla ya kipimo. Uliniletea kikiwa kitupu, ukakitikisa sikioni mwangu.

Daktari alipiga simu juma lililofuata. Tulikuwa mezani jikoni, nikaiweka simu katikati yetu ili nawe usikie sauti. Alisema, "Jättefina värden. Fortsätt så." Nikatafsiri sawasawa: vipimo ni vizuri sana, uendelee hivyohivyo. Yeye alimaanisha uendelee kukinywa kidonge. Lakini wewe hukuwa unakinywa tena. Hivyohivyo yako ilikuwa kisanduku kitupu. Ukanitazama ukauliza, "Nimepona?" Nikasema, "Umepona."

Hilo ni neno la pili ambalo daktari hakulisema.

Mama Neema, kosa la namna hiyo Mungu hulisamehe, na nadhani hata wewe ungelicheka baada ya kunisema siku mbili. Ninalokuandikia si hilo. Ninalokuandikia ni lililofuata.

Ibada ya Kiswahili ya mwezi ule ulisimama kutoa ushuhuda. Sikujua kwamba ungesimama. Ulivaa lile gauni la kijani, ukashika kiti cha mbele kwa mkono mmoja, ukawaambia watu wote, Watanzania, Wakenya, Wakongo, kwamba lehemu yako ilikuwa imepanda kama maji ya mafuriko, ukapewa dozi, ukaimaliza, na sasa umepimwa huna kitu. Ukasema, "Na aliyenisimamia ni huyu Mwalimu wangu. Bila yeye nisingeelewa hata neno moja." Watu wakapiga makofi. Mama Njeri, yule Mkenya wa Hässelby mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akasema kutoka nyuma, "Haki nigawie na mimi hiyo dozi, yangu mafuta imekataa kushuka." Tulicheka sote. Nilisimama nikainamisha kichwa kama mtu anayepokea cheti.

Baada ya siku zisizozidi kumi nilikwenda duka la dawa kuchukua matone yangu ya macho. Majani yalikuwa yameanguka nusu. Mfamasia alitazama kompyuta yake, akaniambia kwa upole kwamba, kwa kuwa mimi ndiye ninayemchukulia mke wangu dawa, anaona dawa yake ya lehemu haijachukuliwa kwa muda, na cheti cha daktari bado kinaruhusu ichukuliwe mara tatu. Je, niichukue leo? Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mtu mwingine, kama dawa ile haina mwisho. Akasema kwa kawaida ni ya maisha.

Nilielewa papo hapo. Nataka ulijue hilo. Sikuwa na mashaka, sikuwa na la kumuuliza tena. Nikasema asante sana, nitaichukua siku nyingine. Nikavaa kofia yangu nikatoka.

Njiani nilipanga maneno. Nilipofika, ulikuwa umekaa na simu, unamsimulia dada yako Bukoba jinsi ulivyopona, na uliponiona ulisema, "Huyu hapa daktari wangu, ngoja umsalimie." Nikamsalimia. Maneno niliyoyapanga nikayameza pamoja na chai. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nilijiambia ni afadhali nisubiri mwito wa kipimo cha kila mwaka, tukiwa mbele ya daktari, ili isemwe na yeye na si mimi. Niliona jinsi utakavyolazimika kusimama tena mbele ya ushirika na kuyarudisha yale makofi. Niliona jinsi Neema atakavyonitazama. Niliona kwamba, kwa mara ya kwanza, ungetaka mkalimani.

Basi nilifanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nasimama pale nilipo. Nilikwenda duka la virutubisho nikakununulia vidonge vya mafuta ya samaki na vya kitunguu saumu. Nikakuambia ni vya kulinda afya. Daktari wangu wa sasa, nilipomuuliza, alisema kwamba vitu hivyo haviwezi kushika nafasi ya dawa. Nadhani nililijua hilo hata siku ile, kwa kuwa nilivificha kidogo nyuma ya chumvi, kana kwamba vingenishitaki. Nikaanza pia kukuhimiza urudie oti na matembezi. Nawe ulikuwa umeshafungua kabati la samli, kidogo kidogo, kama mtu aliyetoka kifungoni. Ulisema, "Nimeshapona, Mwalimu. Mbona unanifunga tena?"

Nilikuwa na jibu. Nilikaa nalo kipupwe kizima.

Uliondoka theluji ilipoanza kuyeyuka. Ilikuwa adhuhuri, zamu yetu ya chumba cha kufulia. Nilishuka kukusaidia kukunja mashuka, nikakukuta umekaa sakafuni, mgongo umeegemea mashine, na mashine bado inazunguka. Mengine ya saa ile unayajua kuliko mimi.

Hospitalini daktari wa zamu alituuliza, mimi na Neema, kama ulikuwa ukitumia dawa yoyote ya moyo au ya mafuta. Mimi ndiye niliyejibu, kwa mazoea. Nilisema, "Hon slutade." Aliacha.

Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kauli za vitenzi kwa miaka kumi na moja, nikiwapiga marufuku kuchanganya mtendaji na mtendewa. Hukuacha. Uliachishwa. Nilijua tofauti yake nikiwa nimesimama pale, na nilichagua neno lililokutwika wewe mzigo na kuniacha mimi na kofia yangu mkononi.

Neema aligeuka akanitazama. Daktari yule alikuwa mwungwana. Alisema hata watumiao dawa hufa, na kwamba hakuna awezaye kusema nini kingetokea. Sitaki kujificha nyuma ya maneno yake. Inawezekana ni kweli. Lakini wewe ulinyimwa nafasi ya kuchagua, na aliyekunyima alikuwa akila meza moja nawe.

Sasa nikueleze habari za binti yetu. Tangu mazishi, Neema hajafika kaburini kwako. Nilidhani ni huzuni. Ilikuwa hasira. Yeye mwenyewe alipimwa baada ya msiba, akakutwa na damu ya ukoo wenu, lehemu juu, naye anakunywa kidonge hicho kila jioni. Anafanya kazi kiwanda cha dawa huko Södertälje, amesimama siku nzima mahali vidonge vinapohesabiwa na kukaguliwa, na aliniambia siku moja kwa Kiswidi, bila kupandisha sauti: "Mimi nakinywa kwa ajili ya watoto wangu. Mama hakuweza kukinywa kwa ajili yangu. Alichagua samli." Nilipaswa kusema wakati ule. Nilisema, "Mama yako alikupenda." Ni kweli, ila nililitumia kama kitambaa cha kufunikia.

Nikiwasikia watu wakisema, "Maskini, alijiachia," nilitikisa kichwa. Zaidi ya mwaka, Adelina. Zaidi ya mwaka nimekuwa mjane anayehurumiwa kwa sababu mkewe alikuwa mkaidi.

Majira haya ya kuchipua nilipimwa mimi. Lehemu yangu nayo imepanda. Safari hii mhudumu alipouliza juu ya mkalimani, ulimi wangu ulikuwa tayari na asante sana haitakuwa lazima, kisha nikajisikia nikisema ndiyo, tafadhali. Mkalimani alikuwa kwenye simu, binti mwenye Kiswahili cha Kongo, wala sikuuona uso wake. Daktari aliposema sentensi yake, ileile, tuanze na kidonge hiki halafu tupime, yule binti alitafsiri, na nadhani alitambua umri wangu kwa sauti, kwa kuwa mwishoni aliomba ruhusa kwa daktari kuuliza kama nimeelewa muda wa dawa. Kisha akaniambia: "Papa, hii dawa haiishake. Kisanduku kikiisha, unabeba kingine. Umenisikia, Papa?"

Sekunde chache tu. Mtu asiyenijua. Nilishika ukingo wa meza nikalia mbele ya daktari, naye akadhani nauogopa ugonjwa, akaniletea maji na kueleza kwamba siku hizi watu huishi nao miaka mingi. Nikamshukuru. Nikaomba radhi kwa kumpotezea muda.

Hata hapo, mke wangu, sikusema. Nakuandikia ukweli. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba kulia kumetosha.

Kilichonifungua mdomo ni Mama Njeri. Baada ya ibada ya mwezi uliopita tulikuwa tunakunywa kahawa, nikamwambia kwamba nami nimewekwa kwenye kidonge. Akanipiga bega. "Usijali, Mwalimu, utamaliza tu. Mimi yangu nilimaliza kitambo. Si mkeo ndiye alitushuhudia?" Nikamvuta pembeni nikamwambia nimekosea, sisi sote tulikosea, haimalizwi, na kesho asubuhi ampigie daktari wake kabla hajanywa chai. Akauliza, "Sasa mbona hamkutuambia?" Amekwisha kupiga simu, amerudishiwa dawa, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ukumbi ule siku ile ulikuwa umejaa, na sijui ni nani mwingine aliyerudi nyumbani na neno letu akalitumia.

Nikaenda kwa mchungaji kuomba dakika chache katika ibada ijayo. Akauliza ni za shukrani au za maombi, apate kuandika. Nikasema ni za sahihisho. Akaandika.

Haikufaa Neema alisikie jambo hili kwanza kanisani. Jumamosi iliyofuata alikuja kunikagua, kama anavyofanya siku hizi: anafungua friji, anasoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya siagi, anahesabu vidonge vilivyobaki. Tukatoka kutembea ile njia ya nyuma ya kanisa. Akasema, kwa Kiswidi, "Baba, niahidi hutafanya kama Mama." Nikasimama. Nikamwambia hakuna alichofanya Mama. Nikamweleza yote, neno dozi, neno umepona, mfamasia, vidonge vya samaki, na neno nililomjibu daktari wa zamu. Nilieleza kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswidi changu kina njia nyingi mno za kuomba radhi.

Aliuliza jambo moja tu, naye aliuliza kwa Kiswahili, hicho chake kinachochechemea: "Mama alijua?"

Nikasema, "Hapana. Alikufa akiamini amepona."

Akageuka, akatembea kuelekea kituo cha treni. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliniacha nimesimama na fimbo zangu mbili, na ilikuwa haki. Siku kumi na tatu hakupiga simu. Sikumpigia. Nimewasumbua wanawake wa nyumba hii kwa maneno yangu kiasi cha kutosha.

Jana asubuhi alinitumia ujumbe wa simu. Hakuna salamu ndani yake, wala sikuistahili. Aliuliza kaburi la Mama liko safu ya ngapi. Hakuwa akijua, kwa kuwa siku ya mazishi alitembea akitazama chini. Nikamwandikia safu na namba, na kwamba kuna mti mdogo wa mlozi wa mapambo mwanzoni mwa safu. Nilikuwa nimeongeza sentensi ya pili, ya kumwomba anifikishie salamu, nikaifuta. Akajibu kwamba atakuja Jumamosi, na kwamba atakuja peke yake.

Jumapili nitasimama mbele ya ushirika. Nitawaambia kwamba mke wangu alikuwa mtiifu kwa dawa yake kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, kwamba aliimaliza kwa sababu mimi nilimwambia inamalizwa, na kwamba nilipojua nilinyamaza. Nitawaomba kila mwenye kisanduku kitupu nyumbani ampigie daktari wake, na kila asiyeelewa aombe mkalimani, hata kama ana mume. Sitapunguza neno. Sijui watanitazamaje wakati wa kahawa, na sijui kama Neema atakuwapo. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, nami naiandika ili nisipate mahali pa kukimbilia.

Kidonge nitaendelea kukinywa kila jioni, si kama adhabu. Nakinywa ili binti yako asije akazika mzazi wa pili kwa kosa moja.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Lingekuwa ombi la mtu mwenye haraka. Nakuomba jambo dogo zaidi. Jumamosi Neema akija, atasema Kiswidi, na huenda akasema kwa hasira, na kuna maneno ambayo mimi ningekulainishia. Msikilize hivyohivyo. Mimi nitabaki nyumbani. Mkiwa na la kuambiana, ambianeni wenyewe.

Lala salama, mke wangu.

Ni mimi, mumeo, Mwalimu